Mashine iko Nairobi, jua liko Mutomo

Mtu anayefunga safari kutoka Mutomo au Kibwezi kwenda Nairobi kutibiwa makovu ya uso kwa leza angefaa aulizwe jambo moja kabla hajatoa pesa: akirudi, nani atapalilia pojo? Utadhani ni mzaha, lakini jibu lake ndilo litakaloamua kama atapata alicholipia. Leza yenyewe mara nyingi humaliza kazi kabla ya saa moja kuisha. Ngozi ndiyo hujijenga upya kwa majuma na miezi, na muda huo wote haitaki jua. Na kaunti za Kitui na Makueni, ziliko Mutomo na Kibwezi, zimekaa kusini kidogo tu ya ikweta.

Tuanze na kinachotendeka pale kitandani. Leza inayotumika sana kwa kazi hii ni ya kaboni dayoksaidi, ambayo Kumar Patel aliibuni katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1964. Mwanga wake, ambao jicho halioni, una urefu wa wimbi wa nanomita 10,600, na hufyonzwa na maji yaliyomo ndani ya ngozi. Maji hayo huchemka ghafla na tabaka la juu likawa mvuke. Joto linalobaki huiamsha ngozi ya chini itengeneze kolajeni mpya. Miaka ya 1990 madaktari walikuwa wakiondoa tabaka la uso mzima, na mgonjwa akakaa na kidonda kibichi kwa majuma. Kisha mwaka 2004 Dieter Manstein na Rox Anderson, watafiti wa Boston, wakaeleza njia nyingine: kuipiga ngozi kwa maelfu ya vinukta vidogo mno na kuiacha nzima katikati, kama mashimo ya kupandia kwenye shamba kame. Ngozi iliyoachwa ndiyo inayoponya iliyopigwa. Kliniki nyingi zinazotangaza leza ya makovu siku hizi huzungumzia njia hiyo.

Faida yake ni ya kweli, nami sina subira na wanaoibeza kuwa ni anasa ya matajiri. Vishimo ambavyo chunusi za ujanani huacha mashavuni havina krimu ya kuvijaza, leza huvipunguza. Kovu la moto lililokakamaa shingoni au kwenye kiwiko, la mtoto aliyemwagikiwa uji au aliyelipukiwa na stovu ya mafuta taa, linaweza kulainika hadi kiungo kikajongea vizuri zaidi. Kijana wa bodaboda aliyechunika uso kwenye lami ya Emali naye anaweza kunufaika. Ila neno ni kupunguza. Kovu halifutiki, na mara nyingi hutakiwa vipindi kadhaa kabla ya tofauti kuonekana.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1975 Thomas Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Harvard, alipanga madaraja ya ngozi kwa kuangalia jinsi zinavyoungua na kubadilika rangi juani. Alianza na ngozi za Wazungu. Za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, ndiyo maana zimekaa mwishoni, daraja la tano na la sita. Wakamba wengi, wenyeji wa Kitui na Makueni, wamo humo. Ngozi hizi zina melanini nyingi, na zikijeruhiwa hujibu kwa kumwaga rangi zaidi. Kovu linaweza kujazika vizuri kabisa, kisha baada ya majuma machache shavu zima likaiva weusi kuliko lilivyokuwa. Weusi huo kwa kawaida hupungua, lakini huweza kuchukua miezi mingi. Kibaya zaidi ni kinyume chake: mabaka meupe yanayotokea pale joto lilipozidi, ambayo pengine hayaondoki tena. Mwenye historia ya keloidi, hata ile ndogo ya tundu la hereni, aiseme mapema, maana leza inaweza kumzalishia nyingine usoni. Aliyewahi kupata malengelenge ya mdomo hupewa dawa kabla, la sivyo yanaweza kuibuka upya na kusambaa juu ya kidonda.

Kuna siri ambayo wagonjwa huificha: mkorogo wa kujichubua. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi tangu 1998, na bado vinauzwa kwa kunong'onezana. Ngozi iliyokondeshwa na steroidi haistahimili moto wa leza. Na anayeitafuta leza hii ili awe mweupe amepotea njia. Haikuundwa kwa kazi hiyo.

Si kila alama ni kovu, vilevile. Kitui ilikumbwa na mlipuko wa kala-azar mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ugonjwa huo wakati mwingine huacha mabaka na vinundu usoni hata baada ya homa kupona. Ukoma nao huanza kwa baka lisilo na hisia. Kuvipitishia leza kabla daktari hajavitazama ni kuchelewesha tiba.

Rudi sasa kwenye lile swali la pojo. Mvua inayotegemewa Ukambani ni ya Oktoba hadi Desemba. Wakati huo watu wako shambani toka asubuhi. Halafu ni kuvuna pojo, na maembe ya Makueni yanaendelea kuchumwa jua likiwaka. Nafasi iliyo bora ni Juni hadi Agosti, baridi na mawingu yanapotanda vilima vya Mbooni, ingawa mawingu hayazuii mionzi yote. Kofia pana ni lazima, na losheni ya kukinga jua ya kiwango cha 30 au zaidi, ikirudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Watu wenye ualbino huipata losheni hiyo bure kupitia mpango wa serikali. Mwingine atainunua kwa pesa za mfukoni, na chupa haidumu. Gharama hiyo haimo kwenye tangazo la kliniki. Vumbi la barabara ya Ikutha nalo halimo.

Swali jingine ni nani anayeshika mashine. Oktoba 2024 mwanamke alifariki baada ya kupunguzwa mafuta katika kliniki ya urembo Nairobi, na Baraza la Madaktari likaifunga. Haikuwa leza, lakini ilionyesha jinsi mlango wa urembo na mlango wa hospitali ulivyo mmoja. Uliza leseni ya daktari na ya kliniki yenyewe. Omba kuonyeshwa picha za watu weusi aliowatibu, za miezi kadhaa baadaye. Kisha omba ajaribu kiraka kidogo chini ya taya, nawe urudi nyumbani usubiri wiki sita, kwa sababu weusi ule haujitokezi siku ya kwanza. Ni nauli mbili badala ya moja, na wapo watakaokuambia ofa inaisha Jumamosi. Acha iishe.