Mgodi Karibu na Kijiji: Sheria Inasema Nini?

Kampuni inapochukua mashamba au kuchafua mto, tusifikiri sheria imenyamaza. Sheria ya Migodi ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka mikataba itangazwe wazi. Katika redevansi ya madini, 15% ni ya usultani, sekta au komini penye mgodi. Tena kampuni inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii.

Basi tufanye nini? Tuandike kila hasara: tarehe, mahali, shamba la nani. Tuulize kwa barua, tubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Itatusaidia mbele ya tribinali. Mjane wa Luka 18 hakubeba panga; alirudi kwa hakimu mpaka akapata haki yake.