Gari, Filamu na Kitenzi "Kusafisha"

Mwaka 1950 Jean Depara alinunua kamera ndogo ya Adox kwa ajili ya harusi yake. Baadaye, mjini Kinshasa, aliwapiga picha vijana waliosimama kwa maringo kando ya mutuka za fahari, kama yaitwavyo magari huku Kongo.

Kazi hiyo ina mtego: kromu hung'aa mno, kipimo cha mwanga hudanganyika, na picha hutoka yenye giza. Yafaa kupima mwanga wa ardhi iliyo kando.

Kisha filamu husafishwa. Kitenzi hiki chafaa: picha imekwisha kuingia, ila haijaonekana. Ikicheleweshwa, joto na unyevu wa misitu kama ya Kama huififisha. Gari likiliwa na kutu, na filamu ikioza, ushahidi umekwisha.