Agadir, mji wa pwani unaopokea wazee wa Ulaya wakati wa baridi

Kila mwaka baridi inapoanza kuuma Paris, Lille na Brussels, mnamo mwezi wa kumi na moja, wazee wengi waliostaafu hufunga nyumba zao na kushika njia ya kusini. Baadhi yao hawarudi hadi mwezi wa tatu. Mmoja wa miji inayowapokea ni Agadir, kwenye pwani ya bahari ya Atlantiki, kusini mwa Maroko.

Wapo wanaofika kwa ndege, safari ya saa tatu na nusu hivi kutoka Paris. Wengine huja na nyumba zao: magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani. Hao huvuka bahari kwa meli kutoka Algeciras, Uhispania, hadi bandari ya Tanger Med, kisha huendesha karibu kilomita 800 hadi Agadir.

Maisha yao huko ni ya polepole. Asubuhi hutembea kando ya ghuba ndefu ya mchanga. Mchana hucheza petanki au huenda Souk El Had, soko kubwa la mji, kununua machungwa, samaki na mafuta ya argan. Wauzaji wengi wanazungumza Kifaransa. Mzee aliyekuja miaka mingi mfululizo hana tena haja ya kujieleza: muuzaji anamjua, na humuuliza habari za wajukuu kabla ya kupima nyanya.

Jua na hesabu ya mfuko

Mwezi wa kwanza, mchana, joto la Agadir hufika nyuzi 20, wakati kaskazini mwa Ufaransa mara nyingi halifiki 10. Lakini jua si sababu pekee. Euro moja hubadilishwa kwa zaidi ya dirham 10, na pensheni inayoisha haraka Ulaya hapa hufika mwisho wa mwezi. Miezi hiyo mzee halipi pia gharama ya kupasha nyumba yake joto.

Wanaoamua kuhamia kabisa wana faida nyingine. Sheria ya Maroko inawapunguzia asilimia 80 ya kodi ya pensheni, mradi waingize pesa hizo nchini na kuzibadilisha moja kwa moja kuwa dirham.

Mji uliozaliwa upya

Wageni wengi hushangaa kuona mji wa Afrika Kaskazini usio na mitaa ya kale. Usiku wa tarehe 29 mwezi wa pili 1960, miezi minne kabla ya uhuru wa Congo, tetemeko la ardhi liliangusha Agadir na kuua watu zaidi ya 12.000. Mji mpya ulijengwa kusini kidogo ya ule wa zamani, na baadaye utalii ukawa moja ya nguzo zake, pamoja na uvuvi na kilimo cha bonde la Souss.

Wakati wa kiangazi hoteli hujazwa na familia za Wamaroko wenyewe. Wakati wa baridi, ni wazee hao wanaowapa kazi wapangishaji wa vyumba, madereva wa teksi, mafundi wa magari na wafuaji nguo.

Mlango wa upande mmoja

Mfaransa au Mbelgiji huingia Maroko bila viza na kukaa siku 90. Mmaroko anayemuuzia samaki hawezi kumtembelea Ufaransa bila viza, hata akialikwa. Mwezi wa tisa 2021 Paris ilipunguza kwa nusu viza za Wamaroko, na uamuzi huo ulidumu hadi mwisho wa 2022. Wazee waliendelea kupokelewa Agadir kama kawaida, pale mipaka ilipokuwa wazi.

Maana ilifika siku nayo ikafungwa. Mwezi wa tatu 2020, kwa sababu ya korona, Maroko ilisimamisha ndege na meli. Wazee wengi wenye magari yao walikwama, wengine kwa wiki kadhaa, mbali na watoto wao. Mwisho wa 2021 ndege zilisimamishwa tena hadi mwezi wa pili 2022, katikati kabisa ya msimu. Safari hiyo waliokwama ni wenyeji: vyumba vilikaa vitupu na mapato ya baridi nzima yakapotea.

Leo wazee wamerudi. Mwezi wa tatu unapoisha, magari yao huanza kugeuka kuelekea kaskazini, nyuma yakiwa yamejaa machungwa na chupa za argan. Mpangishaji hufua mashuka na kufunga vyumba. Swali analomwuliza mteja wake mlangoni ni lile lile la kila mwaka: utarudi mwezi wa kumi na moja? Yeye mwenyewe hana njia rahisi ya kwenda kumtafuta.