Foto ya mlangoni, mbele ya safari ya Kamituga

Hapa Bagira, kijana akitaka kuenda kuchimba Kamituga, familia haimwachi aondoke bila foto. Si foto ya studio yenye pazia la maua. Ni ya simu, saa kumi na mbili ya asubuyi, begi mgongoni, buti zimefungwa pembeni. Kijana anasimama mlangoni, mama anabaki ndani ya nyumba na kubonyeza. Nyuma ya kijana jua ndiyo linatoka upande wa Rwanda, na ziwa linang'aa kama bati jipya.

Foto za namna hiyo tumeona nyingi, kwa sababu sisi wa sendika ndio tunaoletewa wakati shimo limeanguka. Na karibu zote ziko na ugonjwa mmoja: uso ni mweusi kabisa. Unaona mabega, unaona masikio, unaona mwanga umezunguka kichwa, lakini macho hayaonekani. Simu inapima mwanga wa mahali pote. Ikikuta mbingu nyeupe na maji yanayowaka, inapunguza mwanga ili mbingu isiungue, na mtu aliye mbele anageuka kivuli.

Mama mmoja alituletea foto kama hiyo kisha mvua kubwa. Tulimwuliza kama hana ingine, maana kwa ile hatungeweza kumtambua mtu. Akatoa kopi ya kadi ya uchaguzi: ukuta nyuma, shingo imenyooka, mwanga umepiga uso moja kwa moja. Ile ya kadi ndiyo ilisaidia. Lakini siku ya kilio, juu ya meza, mama aliweka ile ya mlangoni. Tulimshauri abadilishe, watu waone sura. Akakataa: «Ile ya kadi ni ya Leta. Hii njo mutoto wangu. Muangalie vizuri, alikuwa ameshaenda.»

Tuliangalia tena. Kwa kweli, mwanga wote ulikuwa nje, kwenye njia, na giza lote lilikuwa upande wa nyumba, pale mama aliposimama. Hakuna aliyepanga vile.

Hapo tukakumbuka kazi ya Sammy Baloji, mpiga foto wa Lubumbashi aliyezaliwa 1978. Katika mfululizo wake «Mémoire», wa mwaka 2006, alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa migodi ya Katanga, akawakata, akawaweka juu ya foto zake za rangi za viwanda vilivyoachwa. Wazee wale ni weusi na weupe, viwanda nyuma yao ni vyekundu vya kutu. Mwanga walio nao ni wa siku ingine, haulingani na mbingu iliyo juu yao. Unaona mara moja kwamba ni watu walioletwa pale. Na ni kweli: Union Minière ilikuwa ikitafuta wafanyakazi mpaka Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini. Sisi wachimbaji tunaijua hali ile ya kusimama mahali ambapo mwanga si wa kwenu.

Lakini turudi kwa lililo la lazima. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua iliangusha mashimo ya Detroit, pale Kamituga, na watu wapatao 50 walihofiwa kufa. Siku kama ile, familia inakuja mbio na simu mkononi, na foto ya giza haisaidii mtu.

Kwa hiyo, bamama na bayaya, tunaomba foto mbili. Kwa ile ya pili, mama atoke nje, kijana abaki mlangoni akiangalia jua. Atafinya macho kidogo, si neno. Kabla ya kubonyeza, gusa uso wake kwenye kioo cha simu. Simu itapima mwanga pale. Kofia aitoe. Ile mtuletee kabla hajapanda gari, si kisha.

Ya kwanza mbaki nayo. Hatuombi muifute.