Mtoto Naye Hukinai

Jumamosi moja mwaka jana mke wangu alisafiri kwenda Morogoro msibani, nami nikabaki nyumbani Tabata na binti yetu wa miezi tisa. Ndugu msikilizaji, mimi ambaye kazi yangu ni kuzungumza na maelfu ya watu nisiowaona, siku hiyo nilishindwa kuzungumza na mtu mmoja aliyekuwa mbele ya macho yangu.

Alikuwa amekunywa uji akashiba. Nepi ilikuwa kavu, mwili hauna joto, na usingizi alikwisha kulala wa kutosha. Lakini kilio! Nikambeba, nikamwimbia, mwisho nikawasha televisheni na kumkalisha mbele yake. Akanyamaza kama dakika kumi, macho kayatoa, kisha akaanza upya kwa sauti ya juu zaidi. Jirani yetu, mama mtu mzima aliyelea watoto saba, akabisha hodi. Akamtazama mtoto, akanitazama na mimi, akasema: "Baba Neema, huyu haumwi. Amekinai. Tangu asubuhi anatazama ukuta huo huo."

Nilicheka, lakini neno lile lilinikaa kichwani. Je, kiumbe ambaye hajatimiza hata mwaka anaweza kukinai? Jibu ni ndiyo, na jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1964 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Robert Fantz, alieleza jinsi alivyowaonyesha watoto wachanga picha mbili mbili, moja ikiwa ile ile kila mara na nyingine ikibadilishwa. Watoto waliozidi umri wa miezi miwili waliitazama ile ya zamani kwa muda mfupi zaidi na zaidi, wakahamishia macho kwenye ile mpya. Kwa hiyo mtoto anayelia katikati ya chumba asichokuwa na jambo jipya la kufanya si mkorofi, wala hajadekezwa. Akili yake ina njaa.

Basi yule mama akaenda jikoni kwetu bila kuomba ruhusa. Akatandika mkeka, akamweka mtoto chini, akamletea sufuria ndogo, mwiko, chujio la plastiki na kipande cha khanga. Mtoto akapiga sufuria. Mama naye akapiga, akangoja. Mtoto akapiga tena na kucheka. Kisha akaudondosha mwiko. Mama akauokota, akampa, akaudondosha tena, labda mara ishirini. Mimi ningekuwa nimekwisha kukasirika mara ya tatu. Kumbe mtoto wa umri huo anapodondosha kitu anachunguza: kitaanguka tena? Kitatoa mlio ule ule? Na huyu mtu mzima, ataniokotea tena?

Halafu akaficha chujio chini ya khanga. Binti yangu akaivuta khanga, akaliona, akapiga kelele za furaha. Jean Piaget, mwanazuoni wa Uswisi aliyewachunguza watoto wake mwenyewe, alieleza kuwa kuanzia miezi minane hivi mtoto huanza kutafuta kitu kilichofunikwa, kwa sababu sasa anatambua kwamba kipo ingawa hakionekani. Ndiyo maana mchezo wa kujifunika uso na kujifunua, ambao bibi zetu waliucheza bila kusoma kitabu chochote, haumchoshi upesi.

Televisheni haiwezi kazi hii, wala simu ambayo siku hizi tunawashikisha watoto wapate kunyamaza. Mtoto akiicheka haimcheki; akiita haiitiki. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na asifungwe mgongoni au kwenye kiti kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Kumbeba mgongoni ni kuzuri. Lakini naye anahitaji kushushwa atambae.

Pengine mtu atasema haya ni mambo ya wenye nafasi. La hasha. Mjini Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1980, wahudumu wa afya walitembelea familia maskini zenye watoto waliodumaa, mara moja kwa wiki kwa muda wa saa moja, miaka miwili. Waliwafundisha akina mama kucheza na kuzungumza na watoto kwa kutumia vichezeo vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka 20 baadaye, watoto wale wakiwa watu wazima, walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 hivi kuliko wenzao ambao hawakuchezeshwa. Hayo ni matunda ya makopo matupu na maneno!

Hata hivyo tuwe waangalifu. Kila kitu kitaingia mdomoni, kwa hiyo karanga, maharage, vifungo, sarafu na betri za saa vikae mbali. Chupa yenye punje za mahindi ni njuga nzuri, ila kizibo kikazwe barabara. Ndoo ya maji isiachwe wazi, maana maji kidogo tu yanaweza kumzamisha mtoto, na jiko la mkaa halina mzaha. Akigeuza uso pembeni au akisugua macho, ametosheka, mwache apumzike. Na akilia huku ana homa au anakataa kunyonya, hapo si suala la mwiko na sufuria, mpeleke kwenye kituo cha afya.

Lipo jambo moja linalonikera. Wengi wetu mjini tunawaachia watoto wasichana wa kazi. Asubuhi tunatoa maagizo ya uji, nguo, vyombo na deki, lakini la kucheza na mtoto hatulitaji. Tena tukirudi ghafla na kumkuta binti wa watu ameketi mkekani anagonga makopo na mtoto, tunamwita mvivu. Nami nimewahi kusema hivyo, nyumbani kwangu, kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani.

Mke wangu aliporudi Jumapili jioni alikuta sufuria yake imebonyea upande mmoja. Nilimpa maelezo haya haya niliyowapa ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza chujio liko wapi.