Ukirudi Safari Ukakuta Maji Nyumbani

Si wachache miongoni mwa wanachama wetu wenye nyumba au chumba Dar es Salaam. Wengine wana biashara Kariakoo, wengine wana watoto wanaosoma huko, na msimu wa karafuu ukifika hufunga mlango wakavuka bahari kuja kusimamia uchumaji. Msimu huanza kiasi cha Julai na mara nyingi huendelea hata Disemba au Januari. Basi nyumba ya Dar es Salaam hubaki peke yake muda mrefu, na ndani ya muda huo mna miezi ya vuli, Oktoba mpaka Disemba. Kwa sababu hiyo khabari hii inatuhusu, ijapokuwa si ya shambani.

Mwanachama mmoja wa Wete ametupa ruhusa tueleze yaliyomfika, bila ya kumtaja jina. Amepanga vyumba viwili katika ghorofa ya pili, karibu na soko la Kariakoo. Alfajiri ya safari alifungua bomba la jikoni apate maji ya kutawadha, lakini halikutoa kitu, kwani siku ile maji ya mtaa yalikuwa yamekatwa. Akatumia ya ndoo, akafunga mlango, akaenda zake gatini. Bomba likabaki wazi, na sahani iliyoachwa ndani ya sinki ikaziba tundu. Usiku maji yakarudi. Jirani wa chini aliona dari yake inavuja, akapanda kugonga mlango, asipate jibu. Hakuwa na nambari ya simu ya mwenzetu wala hakujua ufunguo uko kwa nani. Mpaka koki ya jengo ikafungwa, ilikuwa asubuhi.

Mwenzetu alirudi baada ya wiki sita. Godoro lilikuwa limeota koga, milango ya kabati imevimba, na sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda bado lina maji ndani. Katika sanduku hilo mlikuwa na hati ya shamba la urithi na karatasi za mirathi ya marehemu baba yake. Wino umetawanyika, majina ya warithi hayasomeki. Godoro alinunua jingine siku ile ile. Hati inamhangaisha mpaka leo.

Mtu ataweza kuuliza, bomba moja laweza kufanya khasara yote hiyo? Na tupige hesabu. Bomba likitoa lita 10 kwa dakika, kwa saa moja ni lita 600, na kwa usiku wa saa 8 ni lita 4,800, yaani mapipa 24 ya lita 200. Chumba cha mita 3 kwa mita 4 kinahitaji lita 240 tu ili maji yafike kimo cha sentimita 2. Lita hizo hutoka kwa dakika 24. Na mji wa Dar es Salaam hutegemea zaidi mto Ruvu. Mto ukipungua, maji hutolewa kwa zamu, kama ilivyokuwa Oktoba 2022. Kwa hiyo bomba kavu lililoachwa wazi si bomba lililofungwa. Linangoja zamu yake.

Maji huweza pia kuja kwa njia nyingine. Bati lililotoboka au mfereji wa paa uliojaa majani huyapitisha kutoka juu. Tangi lililo juu ya paa, boya lake likikwama, hufurika. Na katika bonde la mto Msimbazi, pale Jangwani, hatua chache kutoka Kariakoo, maji hupanda kutoka chini. Mvua za tarehe 20 mpaka 22 Disemba 2011 zilitajwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kuwa hazijapata kunyesha mfano wake tangu 1954. Watu wapatao 40 walikufa, na jamaa nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Maji ya namna hiyo huchukua uchafu wa vyoo, na kila yalichokigusa yafaa kioshwe kwa sabuni na dawa ya klorini. Godoro na mito ni bora vitupwe.

Ukirudi ukakuta maji ndani, fuata utaratibu huu.

Kwanza, umeme. Usikanyage maji wala usiguse swichi kwa mkono uliolowa. Kama swichi kubwa haifikiki pakavu, mwite fundi aukate kabla hujaingia.

Pili, funga maji kwenye koki kubwa, kisha piga picha za kila kilichoharibika. Zitakufaa mbele ya mwenye nyumba na mbele ya jirani.

Tatu, kausha upesi. Hapa mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa. Sote twajua karafuu mbichi ikilundikwa hupata joto ikavunda, na ikaanikwa baadaye hutoka nyeupe isiyo na bei. Nyumba ni vivyo hivyo: koga huanza baada ya siku moja au mbili. Fungua madirisha, toa mazulia na nguo nje, sogeza kabati mbali na ukuta. Usipake rangi ukuta kabla haujakauka, kwa maana rangi itabanduka. Wala usirande mlango uliovimba, kwani ukikauka utapwaya.

Nne, karatasi. Zitandaze kivulini penye upepo, si juani, na zilizogandamana usizibandue kwa nguvu.

Lakini kinga ni nyepesi kuliko hayo yote. Kabla ya safari, funga koki kubwa iliyo karibu na mita, kisha zungukia kila bomba na ulifunge, hata kama halitoi maji. Toa vyombo katika sinki. Inua vitu kutoka sakafuni. Hati za shamba zitie katika mfuko wa plastiki, uziweke juu kabatini, na nakala yake iwe kwa ndugu wa huku kisiwani. Ufunguo mmoja umwachie mtu unayemwamini, na jirani wa chini umpe nambari yako ya simu.

Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ya chumbani huzoleka kwa ndoo na tambara, ila jina lililofutika katika hati ndilo lisilozoleka. Basi, ndugu mwanachama, kabla hujatia ufunguo mlangoni, rudi jikoni ukalitazame bomba.