Fahamu: Kwa nini nywele hunyonyoka kwa wanaotumia dawa za kupunguza uzito

Kitana kimejaa nywele, lakini mizizi haijafa. Hilo ndilo la kwanza kujua kwa yeyote wa Tarime au Mugumu anayetumia semaglutide, iuzwayo kwa jina la Ozempic kwa kisukari na Wegovy kwa unene. Katika majaribio ya Wegovy, watu wazima 3 kati ya 100 walinyonyoka nywele. Kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa, 1.

Anayeshukiwa zaidi ni kasi ya kukonda. Mwili ukipungua ghafla hudhani njaa imeingia; moyo na ini vinahudumiwa kwanza, nywele zinaambiwa zisubiri. Huanguka miezi 2 au 3 baadaye, kama kwa mama aliyejifungua au mtu aliyetoka kuugua homa kali. Nyingi huota tena ndani ya miezi 6 hivi.

Metformin, vidonge vya kisukari vinavyojulikana zaidi huku kwetu, vikitumika miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12, ambayo upungufu wake nao huhusishwa na kunyonyoka nywele, na hiyo hupimwa.

Hamu ya kula ikikatika, usiache dagaa, maharage na mayai. Wala usikatishe dawa ya kisukari kwa sababu ya kitana: sukari ikipanda huharibu macho na figo. Mwone daktari kwanza.